Dada wa Maua Anavyowapiga Watu Cheyo: Miche ya Sebuleni Haijui Jua

Kuna mrembo mmoja mwenye jina kubwa mtandaoni, Tabora nzima inaijua sebule yake. Dirishani kwake pale Cheyo vikopo vimejipanga, petunia huku, zinia kule, muziki laini kwa mbali. Anatupia video, watu wanamwaga makopa, chini kuna namba ya kulipia. Hadi hapo hakuna kesi. Kutafuta riziki si dhambi.

Kesi iko kwenye miche yenyewe. Inatoka sebuleni asubuhi, inapanda bodaboda, saa saba mchana imeshapandwa kwa mteja na jua la Tabora linawaka. Siku ya tatu majani yana mabaka meupe kama yamemwagiwa jiki. Siku ya tano kwisha habari. Mteja akilalamika anajibiwa eti mkono wake mbaya.

Jamani, mkono unahusikaje? Mche wa dirishani umerefuka ukitafuta mwanga, shina kama uzi, majani laini hayajawahi kukutana na upepo. Huo unazoeshwa kwanza. Siku ya kwanza saa moja au mawili nje kivulini, kesho muda zaidi, baadaye jua kidogo la asubuhi, na maji yanapunguzwa taratibu bila kuuacha unyauke. Siku 7 mpaka 14. Staa hana muda huo, maana mche uliozoeshwa hauna sura ya kamera: mfupi, mgumu, hauna mbwembwe.

Na haya yanatokea Tabora, mkoa wa tumbaku! Watoto wa Urambo, Kaliua na Sikonge wamekulia kwenye vitalu. Kitalu kinafunikwa nyasi, miche ikishaota nyasi zinapunguzwa kidogo kidogo, maji nayo yanapunguzwa kabla ya kuhamia shambani. Mjomba yeyote wa Urambo angemcheka huyu dada mpaka machozi.

Halafu eti Machi ndio mwezi wa kutoa maua nje. Machi ya wapi? Hata kalenda ya Uingereza haisemi hivyo, maana Machi kule miche bado inafichwa ndani kwa sababu baridi ya usiku inaigandisha, watu wanasubiri ipite. Tabora baridi hiyo haipo. Mvua inaanza Novemba, Aprili inaelekea ukingoni, kisha ukavu mpaka Oktoba. Anayepanda mwishoni mwa Machi amebakiwa na wiki chache za mvua, halafu ni miezi ya kubeba ndoo. Sasa sebule ya nini? Adui wa hapa ni jua kali na mvua ya kupiga, na kwa hayo kivuli cha mwembe kinatosha. Miembe Tabora haijawahi kuwa shida tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Zinia ndiyo kabisa, mbegu zake zinatupwa moja kwa moja kwenye tuta mvua ikishika, na kuhamishwa haipendi.

Watetezi wake wanasema ni wivu, dada anahamasisha vijana kupenda mazingira. Sawa. Ila kuna binti wa saluni aliyechukua hela ya kikoba, akanunua miche 40 apendezeshe mbele ya saluni yake. Vimebaki vikopo. Mpaka leo anaamini kosa ni lake, ameapa hashiki tena udongo. Hela itarudishwa kikobani taratibu, hiyo nyingine sijui nani atairudisha.

Wakati huohuo kuna mama mwenye kitalu kando ya barabara, watu wanampita tu. Miche yake iko kwenye viriba, ina vumbi, mingine imetobolewa na wadudu, na inalala nje kila siku. Kabla hajapokea hela anauliza itapandwa saa ngapi. Ukisema mchana, anakwambia urudi jioni.

Mpaka habari hii inapanda hewani, staa ametupia tangazo jipya: mzigo wa Machi umeingia, wahi kabla haujaisha. Picha ni ileile ya dirishani.