Germaniumu ya Kipushi na nyota pacha
Nyota nyingi changa huzaliwa mbili mbili ndani ya vumbi zito. Mwaka 1982 wataalamu walitangaza kwamba nyota T Tauri ina pacha aliyefichwa na vumbi hilo. Aligunduliwa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho lakini unaopenya vumbi. Spektroskopia huuchambua mwanga huo. Mistari yake ikisogea, wataalamu hujua nyota zinavyozungukana, na kutoka hapo hukadiria uzito wake.

Germaniumu hupitisha infraredi, ndiyo maana hutengenezewa lenzi. Nayo imo katika mawe ya Kipushi, hapa Haut-Katanga. Kwa maoni yangu, kuchimba na kupakia malori hakutoshi. Serikali ilete maabara za fizikia shuleni, mtoto wa mchimbaji ajue jiwe letu linafanya kazi gani.