MTOTO WAKO SI WA KUPEWA ALAMA KWA SURA YAKE



Leo nazungumza na wewe mzazi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, na kila anayeandaa sherehe za watoto, kuanzia hapa Lokitaung hadi Lodwar na Kakuma. Mtindo wa kuchagua "Miss" na "Mista" umeshuka hadi kwa watoto wadogo. Mtoto wa miaka sita anapakwa rangi ya midomo, anafundishwa kutembea kama mtu mzima, halafu watu wazima wanakaa mezani kumpa alama. Sisi tunapiga makofi. Je, anayefaidika ni nani?

Fungua Injili ya Marko. Sura ya 5 ina binti wa Yairo, mwenye miaka 12. Sura ya 6 ina binti wa Herodia. Kwa Kiyunani, Marko anawaita wote wawili kwa neno moja, korasion, yaani msichana mdogo.

Yule wa Herodia alicheza mbele ya wakuu na majemadari. Wakapendezwa. Akaahidiwa zawadi kubwa, lakini hakujua aombe nini, akaenda kumwuliza mama. Kumbe mama alikuwa na haja yake mwenyewe! Mwisho wake, mtoto alibeba kichwa cha Yohana kwenye sinia.

Nyumbani kwa Yairo Yesu alikuta umati, akawatoa wote nje. Akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Akamshika yule binti mkono, akamwinua, kisha akaagiza apewe chakula.

Herode alikusanya watazamaji. Yesu aliwatoa nje. Mzazi, wewe unamfuata nani?

Utaniambia, "Mchungaji, hata Esta alishinda." Soma tena Esta 2. Wasichana walikusanywa kwa amri ya mfalme. Biblia inatueleza yaliyotokea, haituagizi tuyaige. Esta tunamheshimu kwa ujasiri wake wa sura ya 4, alipokubali kuhatarisha maisha kwa ajili ya watu wake.

Mwingine atasema, "Mbona Halima Aden alizaliwa kambini Kakuma, na urembo ukamfikisha mbali?" Ni kweli. Lakini aliposhiriki Miss Minnesota USA mwaka 2016 alikuwa na miaka 19. Na mwaka 2020 alitangaza kuacha kazi ya uanamitindo kwa sababu ya imani yake. Alipanda kwa hiari, akashuka kwa hiari. Mtoto wa miaka sita atamwambiaje mama yake, "Sitaki"?

Sisemi shanga ni dhambi. Watoto wetu wakipendeza kwa shanga na kucheza na wenzao wakati wa Tobong'u Lore, moyo wangu unafurahi. Shanga zinamwambia mtoto yeye ni wa nani. Alama za majaji zinamwambia ana thamani gani kuliko mwenzake. Na yule aliyeshindwa anarudi nyumbani akiwa ameambiwa nini kuhusu uso aliopewa na Mungu?

Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi. Tunajua kuna macho yanayomtazama msichana na kuanza kuhesabu mbuzi na ngamia kabla hajamaliza shule ya msingi. Tukimpandisha jukwaani Jumamosi apimwe kwa mwili wake, Jumapili tutapingaje ndoa za mapema? Tutakuwa tumeyafundisha macho yale yale kazi ile ile.

Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Serikali imeliona hilo. Kanisa lisilione?

Mpendwa, sherehe ziendelee! Watoto waimbe kwaya, wakimbie, wakariri maandiko, wasimulie hadithi za wazee. Mtoto apewe zawadi kwa alichojifunza na kwa bidii yake. Ukitaka kumwambia binti yako ni mzuri, mwambie nyumbani, bila kumlinganisha na yeyote. Na ukipiga picha zake, si lazima zifike kwa watu usiowajua.

Samweli alipotazama sura na kimo cha Eliabu, Mungu alimrekebisha: Yeye hutazama moyo (1 Samweli 16:7).

Tuombe: Baba, tupe macho yako tunapowatazama watoto wetu. Walinde mabinti na wana wa Turkana. Tupe ujasiri wa kuutoa umati nje. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mzazi mwingine ujumbe huu. Mbarikiwe.