Maswali ya Wasomaji: Ofiri i Wapi?



Mwalimu mmoja wa Kibaha atuuliza habari ya Ofiri. Jioni moja nyumbani mwake walisoma 1 Wafalme 9:26–28, jinsi merikebu za Sulemani, pamoja na mabaharia wa Hiramu, zilivyotoka Esion-geberi zikaleta talanta 420 za dhahabu. Mzee mmoja, mgeni wao kutoka Kisarawe, akanena, “Ofiri ndiyo Sofala, kusini ya Kilwa. Dhahabu ile ilitoka kwetu.” Watoto wakafurahi mno. Je, mwalimu awafundishe hivyo shuleni?

Neno la mzee si jipya. Hata Wareno wa zamani walikuwako waliodhani hivyo, kwa kuwa Biblia ya Kiyunani huliandika jina lile Sofira. Lakini kaa wa pwani na kaa la moto si kitu kimoja, ijapokuwa sauti ni moja. Sofala ni jina la Kiarabu, maana yake nchi iliyo chini. Tena Sulemani alitawala katika karne ya 10 kabla ya Kristo. Na al-Masudi, Mwarabu aliyeandika habari za dhahabu ya Sofala, aliishi katika karne ya 10 baada ya Kristo.

Ofiri yenyewe si hadithi tupu. Mwaka 1946, huko Tell Qasile karibu na Tel Aviv, kilionekana kigae cha kale chenye maandishi ya Kiebrania yatajayo dhahabu ya Ofiri, shekeli 30. Na Mwanzo 10:28–29 yamtaja Ofiri pamoja na Sheba na Havila, wana wa Yoktani. Kwa hiyo wataalamu wengi huitafuta Arabuni. Wengine huitafuta ng'ambo yake, pwani ya Afrika, au Bara Hindi. Maana ya jina hawajapatana.

Tena iko hatari. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe, akayadhani kuwa kazi ya Malkia wa Sheba. Wengi wakamfuata, wakisema Waafrika hawakuweza kujenga kuta zile. Hata David Randall-MacIver, mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson, mwaka 1929, walipochimba pale, wakaonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika wenyewe. Mwaona? Waliopeleka jina la Ofiri na Sheba kule waliwanyima wenyeji sifa ya mikono ya baba zao. Heshima ya kuazima yaweza kutunyang'anya heshima iliyo yetu.

Basi, mwalimu, waonyeshe watoto ramani, uwaambie yaliyo hakika na yasiyo hakika. Naye mzee mwambie kwa adabu, wala si mbele ya watoto. Kisha someni pamoja Ayubu 28: dhahabu ya Ofiri haitoshi kuwa bei ya hekima. Na mwanzo wa hekima nyumbani ni kutowafundisha watoto neno tusilolijua, hata likiwa tamu.

Ndugu yenu katika kazi ya kufundisha.