Tunasomesha Wahandisi Wakimya

Leo naomba tuweke kando kidogo katiba na ufisadi, nizungumzie jambo ambalo wengine mtaliona dogo. Kwa maoni yangu lina roho za watu ndani yake.

Mwezi uliopita alinipigia simu mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi huko nyumbani. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, kwenye jengo la ghorofa. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mjomba, leo tumemwaga zege la ghorofa ya pili. Kila likianza kuwa zito, fundi anaongeza maji kwa ndoo. Nilijua kabisa kwamba si sahihi."

Nikamwuliza, "Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, mjomba. Yule ni sawa na baba yangu, na kazi ameianza kabla sijazaliwa. Halafu hata ningesema, ningesemaje? Mambo haya yote tumeyasoma kwa Kiingereza."

Waungwana, kijana huyu ana alama nzuri sana. Ukimpa karatasi na kalamu atakukokotolea uwiano wa maji na saruji bila kutazama kitabu. Lakini maarifa yale yalimkwama kooni siku moja tu ambayo yalihitajika.

Sikuweza kumgombeza, kwa sababu niliwahi kuwa yeye. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi hapa Marekani, tulipewa kazi ya kikundi, watu wanne, tusanifu ukuta wa kuzuia udongo. Mwenzetu mmoja, msemaji sana, alifanya hesabu kana kwamba nyuma ya ukuta udongo ni mkavu, wakati maelezo ya kazi yalisema maji ya ardhini yako juu. Na maji yakijaa nyuma ya ukuta husukuma kwa nguvu kubwa. Niliona kosa lile usiku wa kwanza. Nikanyamaza. Nilijiambia Kiingereza changu kitachekwa, na pengine hawa wenyeji wanajua nisichokijua. Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliliona kosa kwa dakika moja, akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyeliona kabla. Wenzangu walitikisa vichwa. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Ukuta ule ulikuwa wa kwenye karatasi, haukumwangukia mtu. Ndiyo bahati yangu.

Kuna watakaosema: mhandisi apimwe kwa hesabu zake, maneno tuwaachie wanasiasa. Mimi nawajibu kwa mfano. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, njia mbili za kupita watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi zilianguka. Walikufa watu 114. Michoro ya mwanzo ilionyesha vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye paa na kubeba njia zote mbili, ya juu na ya chini. Wakati wa utengenezaji chuma kimoja kikabadilishwa kuwa viwili, njia ya chini ikaning'inizwa kwenye njia ya juu. Badiliko lile lilionekana dogo, kumbe liliongeza mara mbili mzigo kwenye viungo vya njia ya juu. Hesabu za kuligundua ni za mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza, "Hebu ngoja, mzigo sasa unapita wapi?" Kila upande uliamini upande mwingine umekwishakagua. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

Na sisi nyumbani tuna makaburi yetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa ukimya wa mhandisi fulani, hayo wana mamlaka yake. Nasema tu kwamba jengo huwa linapita mbele ya macho mengi kabla ya kuanguka.

Sasa msiniambie kwamba Mwafrika kwa asili hahoji. Nendeni kwenye baraza la kahawa Tanga, Unguja au Mombasa jioni yoyote. Watu wanabishana kuanzia mpira hadi vita za mashariki ya kati, kijana anamkosoa mzee kwa adabu, na mzee anadai ushahidi. Uwezo wa kuhoji tunao. Tunaupoteza darasani, pale swali la mwanafunzi linapochukuliwa kuwa utovu wa nidhamu, mtihani unapodai maneno yale yale ya mwalimu, na lugha ya kufikiria inapokuwa nyingine na ya kujibia nyingine. Siku hizi tatizo limeongezeka, kwani ripoti nzima inaweza kuandikwa na akili mnemba, na mwanafunzi akapata alama kwa sentensi ambazo hawezi kuzitetea hata kwa dakika mbili.

Hapa Marekani vyuo vya uhandisi, ili vipate ithibati, vinatakiwa kuonyesha kwamba mhitimu anaweza kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali. Mhandisi wa kwetu hadhira yake ya kwanza ni fundi na kibarua, nao wanazungumza Kiswahili. Basi napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mradi wa mwanafunzi utetewe kwa mdomo, aulizwe "kwa nini" mpaka ajibu kwa akili yake. La pili, sehemu ya utetezi huo iwe kwa Kiswahili, mbele ya fundi halisi, na fundi naye awe na haki ya kuuliza.

Najua pia kusema peke yake hakutoshi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa roketi za chombo cha Challenger walipinga kirushwe kwenye baridi ile, wakaonyesha na takwimu. Wakubwa wao wakawapita. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wanaanga saba wakafa. Kwa hiyo mhandisi anayesema hapana mbele ya tajiri au mheshimiwa anahitaji sheria inayomlinda asihamishwe wala kufukuzwa. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaopenda siasa. Lakini huwezi kumlinda mtu ambaye hajafungua mdomo.

Mnataka kujua ya mpwa wangu? Nilimwambia atafute maneno ya Kiswahili. Akahangaika siku mbili, kisha akamwendea fundi, akaamkia, akamwambia: "Mzee, maji yanayozidi hayaingii kwenye saruji. Yanakauka na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu halina nguvu." Wakatengeneza matofali mawili madogo, moja la zege zito, jingine la zege la maji mengi. Baada ya siku saba fundi mwenyewe akayapiga nyundo. La pili lilipasuka kwa pigo la kwanza.

Fundi akasema, "Mbona siku zote hamkutuambia?"

Zege lililomwagwa siku ile bado liko juu kwenye ghorofa ya pili. Kijana amemwandikia msimamizi barua kuomba lipimwe nguvu yake, na hadi naandika haya hajajibiwa. Mama yake anaogopa atapoteza alama za mafunzo. Mimi nimemwambia aandike ya pili.

Naomba kuwasilisha.