Ganda la risasi si chuma chakavu cha kawaida

NCHINI Marekani, kujaza risasi upya ni burudani halali ya wawindaji na walenga shabaha wengi. Anayeanza hununua mashine ndogo ya mkono, mizani na kitabu cha vipimo, kisha hukusanya maganda ya risasi alizokwishapiga. Ganda husafishwa, hurudishwa umbo lake, huwekewa kiwashio kipya na baruti iliyopimwa, na mwisho hufungwa kwa kichwa cha risasi.

Hata huko, mwanafunzi wa kazi hiyo huonywa mapema. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasuka mkononi. Ikipungua, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu na risasi inayofuata ikaleta maafa. Ndiyo maana hutakiwa kufuata kitabu, kuanza na kipimo cha chini na kutoweka aina mbili za baruti juu ya meza moja.

Tunalizungumza hili kwa sababu vitu hivyo hivyo, vikiwa ndani ya gunia au boksi, vinaweza kumtia matatani mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo. Ganda hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa macho ya muuza chakavu, hiyo ni kilo kama kilo nyingine.

Forodha haioni hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zenye masharti, na sura hiyo inataja pia sehemu za risasi. Baruti na viwashio vipo Sura ya 36, pamoja na vilipuzi. Nayo Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inahesabu ganda, kiwashio, baruti na kichwa kuwa risasi, pale nchi husika inapovitaka kibali.

Wapo wanaodhani mzigo mdogo hauna shida. Utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 umewasaidia wengi, lakini unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Udogo wa mzigo haufuti kibali cha silaha.

Tunawashauri wafanyabiashara wafungue gunia la chakavu kabla ya kulipa. Wakikuta maganda, wasivuke nayo. Watoe taarifa polisi upande ule ule waliponunulia. Wasipokee kifurushi cha mtu bila kukiona ndani, hata kama aliyekileta ni jamaa wanayemfahamu. Mwenye leseni ya bunduki anayetamani burudani hii aanzie kwa mamlaka ya leseni ya nchi yake, asianzie dukani.

Serikali nazo zina wajibu. Sheria iliyofungiwa kabatini haimsaidii mama anayevuka mpaka alfajiri na mzigo wake. Ubao wenye picha za vitu hivi, kwa Kiswahili, katika kila kituo cha pamoja cha mpakani ungegharimu kidogo na kuwaepusha wengi na kesi.

Tunataka mipaka iwe wazi kwa biashara. Ili ibaki wazi, kila anayevuka lazima ajue alichobeba. Tahadhari kabla ya hatari.