Mizizi Hulishwa na Majani

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa bandani hukata mabingobingo kwa imani moja: ukifyeka hadi usawa wa udongo, nyasi huchipua kwa nguvu na mizizi huzama zaidi. Imani hii ina msingi. Shina likifyekwa, mwanga hufika chini, macho yaliyolala huamka, na baada ya siku chache shamba hujaa machipukizi. Tena nyasi zikiachwa zikomae mno huwa ngumu, ng'ombe akazibagua. Hayo nayakubali. Nisilolikubali ni hilo la mizizi.

Kwanza, mzizi haujitengenezei sukari. Huletewa na majani. Majani yakiondoka, akiba iliyobaki kwenye kisiki hutumika kwanza kutoa majani mapya, mizizi ikisubiri. Machipukizi tunayoyashangilia yamelipiwa na akiba hiyo.

Pili, jambo hili limepimwa. Mwaka 1955, Franklin Crider wa Marekani alichapisha matokeo ya kukata nyasi kwa viwango mbalimbali. Zilipopunguzwa asilimia 40 ya majani, mizizi iliendelea kukua. Kwa asilimia 50, ni asilimia 2 hadi 4 tu ya mizizi iliyosimama. Kwa 70, asilimia 78. Kwa 80, yote ilisimama kwa siku 12. Ingawa nyasi zake hazikuwa mabingobingo, kanuni ya sukari ni ileile.

Tatu, kuna suala la muda. Mabingobingo huvumilia hata mkato mkali, mradi yapumzike. Ndiyo maana hushauriwa kukatwa kila wiki 6 hadi 8, na kuacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Anayerudi na panga baada ya wiki 3 huikuta akiba bado haijajaa. Samadi, pamoja na faida zake zote, haimwokoi: rutuba huhitaji mizizi ya kuifikia.

Anayeshuku achukue jembe. Achimbue shina linalofyekwa kila mara, kisha lililopumzishwa. La kwanza hung'oka kirahisi, mizizi yake michache na ya kahawia. La pili hung'ang'ania udongo, na ncha za mizizi yake ni nyeupe. Kiangazi kikifika, tabaka la juu la udongo hukauka kwanza, na maji hubaki kule ambako ni mizizi ya shina la pili tu inayofika. Basi panga na lipite ngumi moja juu ya udongo: kile kinachoachwa shambani ndicho kitakachomlisha ng'ombe wakati wa ukame.