Upepo wa kusi umeingia: tulisome ziwa kabla ya kupanda boti



Mvua za msimu zimekwisha hapa Katavi. Asubuhi za Mpanda zimekuwa za baridi, vumbi limeanza kupanda katika barabara ya kwenda Karema, na mahindi yameanza kuingia ghalani. Kwa sisi tunaoishi huku juu, hizo ni habari za kiangazi tu. Kwa ndugu zetu wa Karema, Ikola na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, zina maana nzito zaidi: upepo wa kusi umeingia, na ziwa la mwezi huu si ziwa la mwezi wa tatu.

Tumeona tulizungumze jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu kila mwaka, majira kama haya, kamati yetu hupokea maombi ya safari. Kuna harusi, kuna misiba, kuna ziara za madrasa, na mwezi Juni shule zinafungwa na watoto wanapelekwa kwa babu na bibi zao kandokando ya ziwa. Baadhi ya vijiji hivyo hufikika kwa urahisi zaidi kwa boti kuliko kwa gari. Na kabla ya kumnasihi mwingine yeyote, ni haki tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja uliopita si wa mbali, mwanzoni mwa kusi kama hivi, tulialikwa kwenye nikaha katika kijiji kimoja cha mwambao. Tulikuwa watu kumi na tisa, na wanane kati yao walikuwa wanafunzi wa madrasa waliokuwa wakasome kaswida. Akina mama walibeba masufuria na mchele. Usiku wa kuamkia safari tulisikia katika redio utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 katika Ziwa Tanganyika. Tuliusikia, tukazima redio, tukalala.

Alfajiri tulipofika mwaloni, maji yalikuwa yametulia. Tukafurahi. Lakini nahodha tuliyekuwa tumekwisha kumlipa nusu ya nauli alikuwa amekaa juu ya ukingo wa boti lake, hajafunga hata injini. Alitusalimia kwa adabu, kisha akasema, "Ustadhi, mimi nimelisikia ziwa usiku kucha. Leo hatuendi."

Tulimjibu kwa maneno ambayo mpaka leo tukiyakumbuka tunaona haya. Tulimwambia kwamba watu wanatusubiri, kwamba chakula kitaharibika, kwamba nikaha si jambo la kuahirishwa. Aliponyamaza, tukaongeza lile lililo baya zaidi: tukamwambia sisi tumekwisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwa hiyo asiogope. Yaani tuliifanya tawakkul kuwa fimbo ya kumpigia mtu aliyekuwa na elimu tusiyokuwa nayo.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja katika msafara wetu, mzaliwa wa mwambao. Alimshika mjukuu wake mkono, akachukua kikapu chake, akaketi chini ya mwembe. Akasema, "Wanangu, maji haya ni ya hapa, yamekingwa na lile rasi. Ya huko mbele hamjayaona. Mimi na huyu mtoto tumeshafika." Akina mama wengine wakamfuata mmoja mmoja. Msafara ukavunjika.

Kabla ya adhuhuri upepo ulikuwa umefika pale pale tulipokaa. Boti la mizigo lililotangulia asubuhi lilirejea likiwa limejaa maji kiasi cha magoti. Vijana waliokuwamo walikuwa wametupa magunia ziwani ili wasizame. Walitambaa mchangani bila kusema neno. Watoto wetu wanane waliwatazama, nasi tukawatazama watoto wetu. Nikaha ilifungwa siku ile ile bila sisi, kwani nguzo zake hazimo katika wageni wa Mpanda.

Tangu siku hiyo tumejitahidi kujifunza yale ambayo nahodha yule aliyajua kwa masikio. Kusi hutoka kusini mashariki, na Ziwa Tanganyika limelala karibu kuelekea huko huko. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 670, lakini upana wake ni kama kilomita 70 tu pale lilipopanuka sana. Upepo ukivuma kutoka upande wa Mpulungu, Zambia, unapita juu ya maji matupu zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Karema. Ukubwa wa wimbi hutokana na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji ulioyapitia. Wakati wa kusi yote matatu hukutana katika mwambao wetu. Tena mawimbi yaliyozaliwa mbali huweza kutangulia mbele ya upepo uliyoyazaa. Ndiyo maana mtu wa ziwani husikia mngurumo usiku hali majani ya mti hayatikisiki.

Kuna tofauti nyingine na bahari. Mawimbi ya bahari kuu huwa marefu na yameachana, chombo hupanda na kushuka kwa nafasi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamebanana. Boti dogo halijamaliza kushuka moja, la pili limekwisha kulipiga. Na wimbi linapokaribia ufukoni, chini kunapokuwa na kina kidogo, hupunguza mwendo, huinuka, kisha huvunjika na kuwa povu jeupe. Hivyo safari iliyokwenda salama saa mbili nzima huweza kuharibika katika hatua mia za mwisho.

Povu hilo hilo ndilo linalowavutia watoto wetu kuogelea. Wazazi wafahamu kwamba maji yanayosukumwa ufukoni na mawimbi lazima yarudi, na mara nyingine hurudi kwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaomvuta mtu nje. Anayevutwa asishindane nao kuelekea nchi kavu, kwani atachoka. Aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke katika mkondo, ndipo arejee. Na asiyejua kuogelea, katika majira haya, asivuke magoti.

Sasa tuutazame utabiri wenyewe, maana wengi huusikia kama tulivyousikia sisi usiku ule. Kwanza, upepo huitwa kwa kule unakotoka: "upepo wa kusini mashariki" unatoka kusini mashariki, hauendi huko. Pili, urefu wa wimbi hupimwa kutoka bondeni kwake hadi kileleni. Tatu, na hili ndilo wengi hatulijui, takwimu inayotajwa kwa desturi ya elimu hiyo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Baadhi ya mawimbi yatazidi hapo, na moja moja huweza kukaribia maradufu. Ukisikia mita 1, jiandae kukutana na wimbi la karibu mita 2. Kisha tazama ubavu wa boti unalotaka kupanda, pima kutoka maji yalipo hadi ukingoni baada ya watu na mizigo kupakiwa. Aghalabu utakuta haufiki hata nusu mita.

Mamlaka pia hutoa onyo kwa daraja tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Familia isingoje nyekundu. Kwa boti la mbao lenye watoto, angalizo linatosha kuwa sababu ya kubaki.

Mwelekeo wa miezi ijayo, kwa desturi ya ziwa letu, ni huu. Kusi hushika kuanzia Mei na hutawala Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea mwezi Septemba. Siku tulivu hupatikana katikati, lakini hazipangwi na kalenda ya harusi. Usiku ardhi hupoa kuliko maji, na upepo mwepesi hutoka milimani kwenda ziwani. Mchana huwa kinyume chake. Kisha mvua zinaporejea mwishoni mwa mwaka huja hatari ya aina nyingine: dhoruba za ghafla zenye radi, ambazo hazidumu lakini hazibishi hodi. Mwezi Desemba 2014, katika majira hayo, meli ya abiria ilizama katika ziwa hili upande wa Kongo, na zaidi ya watu mia moja walifariki. Upepo mkali na kuzidisha mzigo vilitajwa pamoja, na kwa kweli mara nyingi huenda pamoja.

Pamoja na yote hayo, tusije tukauchukia upepo. Mtume (s.a.w.) alikataza kuulaani, alifundisha kuomba kheri yake na kujikinga na shari yake. Kheri ya kusi tunaila kila siku bila kuijua. Kusi huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupata nafasi ya kupanda upande wa kusini. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo ya majini, mimea hulisha wadudu, na wadudu hulisha dagaa na migebuka tunaowanunua sokoni Mpanda. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa limekuwa likipata joto na pepo kulegea, hata maji yake hayachanganyiki kama zamani na chakula cha samaki kimepungua. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, lilifungwa katika miezi hii hii ya kusi. Upepo unaotutisha ndio unaopika riziki yetu.

Kwa hiyo kamati yetu imejiwekea utaratibu, nasi tunaupendekeza kwa kila familia. Kwanza, safari ya ziwani huwekwa na siku mbili za akiba, na wenyeji hujulishwa mapema kwamba huenda tukachelewa. Haraka ndiyo iliyotutia makosani. Tukiiondoa haraka, nusu ya hatari imeondoka. Pili, utabiri husikilizwa usiku na alfajiri, kisha mzazi au kiongozi huutangaza mbele ya wote, wanawake na watoto wakiwemo. Tatu, hakuna mtoto anayepanda bila jaketi okozi linalomwenea, hata kama itabidi kukodi au kupunguza idadi ya wasafiri. Nne, nauli hulipwa kwa namna ambayo nahodha hapati hasara kwa kusema hapana. Tukimpa senti pale tu anapoondoka, tunamnunua akili yake. Tano, tumefundishwa kwamba wasafiri wawe na amiri. Ziwani, amiri ni nahodha. Akisema turudi, tunarudi, hata kama ndani ya boti yumo imamu, mwenyekiti na katibu.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake: amwache huru na kutegemea, au amfunge? Akaamrishwa amfunge kisha ategemee, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Sisi wa Katavi hatuna ngamia. Tuna boti, na kamba yake ni utabiri, jaketi okozi na subira. Asiyefunga kamba hiyo kisha akasema ametegemea, ajihoji kama tulivyojihoji sisi.

Tulimrudia nahodha yule baada ya siku tatu, ziwa likiwa limetulia kweli, tukamwomba radhi mbele ya wale watoto wanane. Alicheka, akatuambia tukae katikati ya boti na tusisimame. Tulifika salama, tukawaombea maharusi dua, na pilau tukapikiwa upya.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wavuvi na wasafiri wetu wote, awape wazazi busara ya kungoja, na atujaalie kheri ya upepo huu. Amiin. Wabillahi tawfiq.